Maji Mengi na Dhamana ya Mtu Mmoja

Bismillahi. Katika darsa yetu ya baada ya sala ya Isha liliulizwa swali ambalo kwanza liliwachekesha watu, kisha likawanyamazisha. Mwenye mashua ya matanga, ambaye hutia nanga Kipini, mlangoni mwa Mto Tana, alisema: “Mashua yangu ina choo, na chini ya choo mna tangi la kuwekea uchafu. Likijaa nafungua vali, uchafu ukaenda majini. Maji yale ni mengi, nasi tumesomeshwa kuwa maji mengi hayanajisiki. Je, kosa langu ni lipi?” Hapo akadakia ndugu wa Garsen: “Na mimi je, ambaye shimo langu la choo li karibu na mto, na kila mafuriko hunitolea uchafu bila ya malipo?”

Haya si mambo ya kuchekwa. Ni mtihani wa namna tunavyoifahamu dini na jirani.

Kwanza tumpe haki yake mwenye mashua. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii maji yakifika kulateni mbili, nazo ni takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, au ladha, au harufu. Ni kweli pia kwamba wazee wetu walisafiri na majahazi ambayo choo chake ni sanduku lililoning’inizwa tezini, na bahari ikapokea yote.

Walakin hukumu ile imejibu swali jingine. Imejibu swali la mtu anayetaka kutawadha: je, maji haya yanafaa? Haikumwambia mwenye najisi: nenda ukaimwage. Yule yule Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha tohara alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatutahadharisha na laana ya mwenye kujisaidia penye vituo vya maji, na njiani, na kivulini. Mambo matatu haya hayakukusanywa kwa sababu ya udhu, kwani hapana atawadhaye kwa kivuli. Yamekusanywa kwa sababu ni mahali pa watu wote, na mwenye kupachafua amewadhulumu watu asiowajua.

Tena, macho na ulimi wetu si mashahidi wa kutosha katika habari ya madhara. Mwaka 1854, mjini London, katika mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa siku chache. Daktari John Snow aliufuatia ugonjwa nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye bomba moja la kisima katika barabara ya Broad Street. Maji ya bomba lile yalisifiwa kwa utamu. Mama mmoja aliyekuwa amehamia mbali na mtaa ule aliyapenda hata akawa anapelekewa, akayanywa, akafa. Rangi haikuwafukuza watu, wala ladha, wala harufu. Basi maji yaweza kupita mtihani wa macho na ulimi, na ndani yake mkawa na mauti.

Sasa tuutazame mto wetu. Tana ni mto mrefu kupita yote ya Kenya, kama kilomita 1,000, ukitoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen, ukamwagika baharini Kipini. Mpokomo anaulimia, Muorma ananyweshea ng’ombe wake, na wengi huchota humo maji ya kunywa. Ulipofurika mwaka 1997 hata 1998, na tena 2018, na 2023, mashimo ya vyoo na visima vilifunikwa na maji mamoja. Mtu wa Garsen hunung’unika, na ana haki, kwamba walio juu wanamletea uchafu wao. Lakini naye ni mtu wa juu kwa aliye chini yake. Na wa Kipini asidhani kuwa yeye ni wa mwisho: maji yakijaa, bahari huurudisha mtoni ule uchafu alioutupa yakipwa, ukapita penye nyavu za wavuvi na penye watoto wanaooga.

Atasema: “Changu ni kidogo.” Kila mmoja husema hivyo. Tumesimuliwa mfano wa watu wa chomboni, walio chini wakitaka kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue walio juu. Tundu lilikuwa dogo, na sehemu ilikuwa yao. Lakini chombo kilikuwa cha wote.

Mataifa nayo yamelifikiri jambo hili. Mkataba wa MARPOL, katika kiambatisho chake cha nne kilichoanza kutumika mwaka 2003, unazikataza meli za safari za kimataifa kumwaga uchafu wa vyoo usiosafishwa mpaka ziwe zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, nazo zimo mwendoni. Lakini sharti hilo ni la meli za tani 400 na zaidi, au zilizoruhusiwa kuchukua watu zaidi ya 15. Mashua ya ndugu yetu haimo. Na hapa ndipo dhamiri inapojulikana: pale ambapo askari hafiki.

Basi afanyeje? Asingoje tangi lifure. Akiwa karibu na nchi vali ifungwe na kufungiwa kwa kamba, na uchafu utolewe kwa pampu na kupelekwa nchi kavu. Akiisha kulimwaga, alisukutue kwa maji safi mara mbili. Tundu la kupumulia lisizibwe, kwani likiziba tangi huweza kupasuka au kubonyea. Asitie dawa kali. Huharibu mipira ya vali, na huua vijidudu vyenye manufaa vinavyouozesha uchafu. Kisha aoshe mikono kwa sabuni.

Na ndugu wa Garsen achimbe shimo lake juu ya kiinuko, mita 30 au zaidi kutoka kisimani na mtoni, na sakafu yake isiyakaribie maji ya ardhini.

Lakini atauliza mwenye mashua: “Hilo shimo la nchi kavu liko wapi?” Hapa lawama inatugeukia sisi. Tunachanga kwa maulidi na kwa mazulia ya msikiti. Hatujapata kuchanga kwa shimo la wasafiri bandarini. Kumwambia mtu “usimwage hapa” bila ya kumwonyesha pa kumwaga ni nusu ya nasaha. Darsa imeazimia kuanza kuchanga Ijumaa ijayo, na mwenye mashua ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa.

Wallahu aalam.