Gonga, Usikilize

Huku kwetu Makupa, Mombasa, ambako aghalabu mtu humiliki nyumba na ardhi ikawa ya mwingine, shauri la kuongeza chumba uani au kubomoa na kujenga upya si shauri la fedha peke yake. Kwani anayebomoa huenda akalazimika kurejea kwa mwenye ardhi kutaka idhini, hali watoto wake wamelala kwa jirani.

Ili kuamua lipi lifanywe, fundi wa zamani hakuanza na kipimo. Aliinama ukumbini, akabandua udongo kidogo chini ya ukuta, akageuza nyundo, akaigonga nguzo iliyo ndani kwa mpini. Akagonga, akasikiliza. Akagonga, akasikiliza. Nguzo ya mkoko iliyo nzima hujibu kwa sauti kavu. Iliyoliwa na mchwa hujibu kama debe tupu. Ikiwa nzima, ongeza. Ikiwa imeliwa, chumba kipya ni mzigo juu ya mgonjwa.

Nampenda fundi huyo, maana hakuudharau ukuta mkongwe wala hakuuhurumia bila ya hoja: aliuuliza kwanza.

Nawe uendaye kazini na azma ya kuongeza jambo, ama kulivunja, ni nguzo ipi hujaigonga bado?