Zilipendwa za Watu Wengine

Mwaka jana nililipwa kukumbuka utoto wa mtu mwingine. Mteja yuko Uingereza, anauza vinyago vya zamani vya Warhammer, ule mchezo wa vita ambapo watu wazima hupanga majeshi ya mazimwi na mashujaa mezani kisha wakapigana kwa kurusha dadu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya kuvinadi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na kazi yoyote ya maneno ilikuwa kazi.

Maelezo ya kwanza yalirudi. Ongeza hisia, akaniambia, mnunuzi akumbuke. Basi nikaandika: unazikumbuka Jumamosi zile, rangi mezani, rafiki zako sebuleni? Mimi, ambaye Jumamosi zangu zilikuwa za kufua na kupanga foleni ya maji.

Kumbe uongo ukiurudia sana unakuingia. Nikaanza kuzikodolea macho zile picha hata baada ya kazi. Vinyago vya Citadel vya miaka ya 1980 vilifinyangwa kwa mkono, na unauona mkono huo. Goblini wa Kev Adams wana pua kama mihogo, na wanatabasamu kama mtu aliyekuibia kuku na bado anakuamkia asubuhi. Vya leo ni vya plastiki, vinabuniwa kwenye kompyuta, kila mshono wa joho unaonekana, na kila mtu amesimama kishujaa utadhani yuko studio. Ni vizuri, sibishi. Lakini hakuna anayekucheka.

Sasa, hamu hiyo ilikuwa yangu au niliiba? Sisi tuliozaliwa juzi tunaziimba zilipendwa kwenye matatu neno kwa neno, tena kwa huzuni, na hakuna anayetuomba cheti cha kuzaliwa. Nadhani unaweza kukipenda kwa dhati kitu cha zamani usichokiishi. Uongo unaanza pale unaposema unakikumbuka. Na hata hao waliokiishi, sijui kama wanakilia kinyago au wanalilia kuwa na miaka 12. Mwaka 2015 kampuni iliusitisha ule ulimwengu wa zamani wa mchezo. 2024 ikaurudisha sokoni kwa jina The Old World. Biashara inajua tunacholilia kabla yetu.

Hapo ningeishia, kama si sentensi moja. Mteja aliipenda kuliko zote: "Shika uzito wa risasi halisi." Zamani vinyago hivi vilimiminwa kwa metali yenye risasi, hadi miaka ya 1990 ilipoachwa kwa sababu ni sumu. Wapo wakusanyaji wanaoulilia ule uzito mpaka leo.

Mimi nimekulia Mombasa. Kwetu risasi ni Owino Uhuru, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ambapo sumu hiyo ilikutwa kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Najua, betri na goblini havihusiani. Kinyago kilichopakwa rangi, kimekaa kabatini kwa mtu, hakimuui yeyote. Lakini yaani niliketi hapo, mtoto wa Mombasa, nikiisifia risasi kama vile mtu anavyosifia asali.

Nilimwomba mteja tuitoe. Akataka sababu, nikamweleza kwa aya mbili ndefu. Akajibu kwa adabu kwamba anaelewa, ila hiyo ndiyo sentensi inayouza.

Nilikuwa na kodi ya nyumba. Niliandika maelezo mengine kumi na mawili, na uzito wa risasi umo katika yote. Nilichoacha ni kuwauliza wasomaji kama wanakumbuka. Goblini mmoja, yule mwenye jicho moja kubwa kuliko lingine, bado yuko kwenye simu yangu. Sijaweza kumfuta.