Nat Hentoff na uhai usio na Mungu

Nat Hentoff, mwandishi wa habari na mwanahistoria wa jazi, alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1925, katika familia ya Wayahudi wahamiaji. Akiwa na miaka 12, siku ya saumu kuu ya Yom Kippur, alikaa barazani na kula mkate wenye soseji waumini wakipita kwenda sinagogi. Hakuwa muumini tena. Lakini kile kilio cha mwimba sala wa sinagogi kilimkaa moyoni, na alikisikia upya katika jazi.

Alihariri jarida la Down Beat, kisha akaandikia gazeti la Village Voice la New York kuanzia 1958 hadi 2008. Kitabu Hear Me Talkin' to Ya (1955), alichokiandaa na Nat Shapiro, kinasimulia historia ya jazi kwa vinywa vya wanamuziki wenyewe. Uamuzi wa kuwaachia waseme wenyewe una falsafa ndani yake: kila mtu ana sauti isiyo na mbadala, na mwanahistoria hana haki ya kuifunika kwa yake.

Falsafa hiyo ilijaribiwa mwaka 1983, alipozaliwa huko New York mtoto mwenye mgongo wazi na maji kichwani, na wazazi wake wakakataa afanyiwe upasuaji. Hentoff alimtetea mtoto. Baadaye akapinga pia utoaji mimba, kama alivyopinga adhabu ya kifo, na baadhi ya wenzake gazetini wakaacha kusema naye. Kwa muumini, uhai ni amana ya Mungu. Je, asiyemwamini Mungu ausimamishe juu ya nini?

Hentoff alijibu kwa biolojia: ukuaji wa binadamu ni mfululizo mmoja, na mstari wowote unaochorwa katikati ni wa kubuni. Hoja hii ina nguvu, ila inaonyesha binadamu anapoanzia tu. Haielezi kwa nini tuwajibike kwake. Wala upekee wa sauti hautoshi, kwa kuwa mwanamuziki wa jazi Lester Young alijulikana kwa saksafoni yake, ilhali mtoto mchanga hajapiga noti hata moja. Hentoff aliegemea pia Katiba ya Marekani na ahadi yake ya ulinzi sawa wa sheria, ulinzi ambao mtu hupewa kabla hajaulizwa anaweza kufanya nini.