Mwani na Dhamiri

Je, tendo jema laweza kulipia kosa ambalo mtu hajaacha kulitenda? Swali hili latukabili baharini. Tangu viwanda vilipoanza, bahari imemeza takriban robo ya hewa ya ukaa itokayo katika kazi za binadamu, na asidi ya maji ya juu imezidi kwa karibu asilimia 30. Mashaza na matumbawe huona taabu kujenga makombe yao.

Wako wanaolima kelpu, mwani mkubwa wa bahari za baridi, ili uvute kaboni iliyoyeyuka majini, nayo bahari ivute nyingine angani. Mwani huo ni mtumishi hodari: aina moja ya California huweza kurefuka nusu mita kwa siku. Lakini ukiliwa au ukioza karibu na uso wa maji, kaboni hurudi ilikotoka. Ukizamishwa vilindini, yaweza kukaa karne nyingi. Walakini kuoza kwake hula oksijeni ya viumbe waishio huko. Hao hawakushiriki kosa letu. Kwa haki gani waadhibiwe?

Kulima mwani ni kazi njema, bali si ruhusa ya kuendelea kuchoma makaa na mafuta. Afuaye maji chomboni asizibe tundu, huchosha mikono yake, na chombo huzama.