Dawa Mbili na Amana Moja

Liko swali ambalo waja wameulizana tangu kale, misikitini na makanisani, na hata barazani kwa wazee: mtu aliyekwisha kuikabidhi roho yake kwa Mola, ana haja gani tena ya kuidadisi tembe iliyomo kiganjani mwake? Wako wanaodhani kwamba kuuliza ni dalili ya shaka, na kwamba mgonjwa mwema ni yule apokeaye, akaomba dua, akameza, akanyamaza. Mimi sioni hivyo, na hoja yangu nitaieleza kwa mfano wa Kimulot, huko Konoin katika kaunti ya Bomet, ambako michai hushuka mabondeni na kupanda vilimani, msitu wa Mau ukiwa jirani.

Natumfikirie mama mchuma chai, ambaye tangu alfajiri, ukungu haujainuka, huchuma majani mawili na chipukizi lake, kikapu kikimwelemea mgongoni hadi saa ya kupimisha mzigo kituoni. Mgongo haumpi raha, naye amezoea kununua tramadoli dukani pasi na cheti cha daktari, akaifunga katika pindo la leso. Siku moja kifua kinambana. Anakwenda zahanati, anapewa eritromaisini katika kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, moja mara nne. Mhudumu anamwuliza, “Mama, kuna dawa nyingine unatumia?” Naye, kwa kuchelea kukaripiwa, anajibu, “Hakuna, daktari,” na huku vidole vyake vinalipapasa lile fundo.

Tramadoli ni ya ukoo wa afyuni, ile ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba, neno ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la fikra zimlazazo mtu akili hali macho yake yako wazi. Ini ndilo liisagalo na kuipunguza mwilini. Lakini eritromaisini, na nduguye klarithromaisini, hukizuia kimojawapo cha vimeng'enya vifanyavyo kazi hiyo, hata kipimo kilichomtuliza mgonjwa jana kikaweza leo kumtia usingizi mzito, au kumletea degedege, au kumpunguzia pumzi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume chake: hulihimiza ini, nguvu ya tramadoli ikapungua, maumivu yakarudi, na mgonjwa asiyejua sababu akajiongezea tembe kwa hiari yake. Ama linezolidi, wanayopewa baadhi ya wenye kifua kikuu sugu, hiyo haifai kabisa kukutanishwa na tramadoli. Na amoksilini, kwa kawaida, hukaa nayo kwa amani. Basi haikuharimishwa kutumia dawa ya kuua vijidudu pamoja na ya kutuliza maumivu; linalopasa kujulikana ni ipi na ipi, kwa kadiri gani, na katika mwili wa nani.

Hekima hiyo si ya jana. Sheikh Abu Ali bin Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika Kanuni yake ya utabibu alikitenga kitabu kizima, cha tano, kwa ajili ya dawa zilizochanganywa, kwani aliyezijua dawa mojamoja hajawa bado mjuzi wa mkutano wake.

Mwili tumepewa amana, na Wakristo huuita hekalu. Na mwenye kuwekewa amana haulizwi kama aliipenda, huulizwa aliichungaje. Mkulima wa Kimulot humwomba Mungu mvua, na pamoja na hayo huipogoa michai yake kwa wakati, wala hajatokea jirani wa kumwambia kwamba panga lake ni upungufu wa imani. Kwa nini basi ulimi wa mgonjwa uhukumiwe kwa sheria nyingine?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha dawa naye yu hatarini vilevile. Lakini lawama yote isimwangukie mama huyu. Haya aliyo nayo imejengwa na makaripio, na mganga aulizaye kwa dharau hujibiwa kwa uwongo. Kutafuta nafuu ya mgongo uliochoka kwa kazi ya halali si dhambi, na aulizaye na aulize kwa sauti ya mtu anayelijua hilo.

Na wa nyumbani pia wana wajibu. Mgonjwa asipewe busaa wala chang'aa, wala tembe za usingizi, wala dawa aliyobakiza jirani. Asiikatize dawa ya kifua kwa sababu amepata ahueni, wala asiiache ghafula tramadoli aliyoizoea, bila ya shauri la tabibu. Wakimwona amelala haamshiki, anapumua kwa nadra na midomo imegeuka rangi, wasingoje kupambazuke, bali wamkimbize hospitali saa ile ile.

Lakini haya yote yangaliweza kuepukwa pale mezani pa zahanati. Mama na alifungue fundo la leso, azimwage tembe zake mbele ya mhudumu, aseme, “Hizi nazo natumia”; na mhudumu akiweke kando kile kibahasha, avute kiti, aanze kupima upya. Hapo ndipo dua aliyoiomba njiani imepata mikono ya kuifanyia kazi.