Kipimo cha Chakula cha Mnyama Aliyefungwa

Hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Umar, na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, yaeleza adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, wakiwamo wa Mbau wilayani Mocímboa da Praia, kumlisha mnyama ni masurufu ya lazima, yaani matumizi ambayo sheria humwajibisha mmiliki kuyatoa. Linalohitaji kutafakariwa ni kipimo chake: je, wajibu hutimia mnyama anaposhiba?

Hadithi hiyo huweka njia mbili sambamba, kulisha au kuachilia, na kwa kuwa ya kwanza hushika nafasi ya ya pili, chakula cha tunduni hakifai kuwa duni kuliko kile ambacho mnyama angejipatia mwenyewe. Hivyo kipimo ni umbile lake, si uchu wake wala wepesi wa mfugaji. Komba, mnyama wa usiku apatikanaye kaskazini mwa Msumbiji, hula matunda, wadudu na utomvu wa migunga. Wadudu wana kalsiamu kidogo, madini yajengayo mifupa, na utomvu hufidia upungufu huo. Akilishwa ndizi pekee atashiba huku mifupa ikidhoofika, na sifa yake ya kupenda tembo la mnazi yatosha kuonyesha kwamba kinachopendwa si lazima kiwe kinachofaa.

Hukumu huwa nzito zaidi kwa mnyama mgeni. Petaurus wa Australia, mnyama mdogo abebaye mtoto mfukoni na kunyiririka hewani kwa ngozi iliyotanda ubavuni, hufugwa majumbani Marekani, na akilishwa vitu vitamu tu huweza kupooza miguu ya nyuma kwa kukosa kalsiamu. Naye hawezi kuachiliwa katika nchi isiyo yake, kwa hiyo aliyemnunua amebakiwa na njia moja tu.

Kinyume chake ni hali ya wakazi wa Mbau waliokimbia vita vilivyoanza wilayani Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017. Sheria haimkalifishi mtu asiloliweza, hivyo mkimbizi asiye na chakula hadaiwi kulisha; lakini kufungua tundu kabla ya kuondoka kumo katika uwezo wake, na wajibu huo haumwondokei.