Masikio ni Amana: Khabari za Chombo cha Muziki cha Mfukoni

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia masikio, macho na nyoyo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, kijana mmoja katika darasa yetu aliniuliza juu ya kile chombo kidogo cha mfukoni kibebacho nyimbo na visomo, ambacho mtu hukisikiliza peke yake kwa hedifoni. Alisema, "Maalim, chombo hiki ni kheri au ni shari?" Nikampa jawabu fupi, na jawabu fupi mara nyingi ni jawabu la mvivu. Leo naandika lile refu.

Tumefundishwa kupima. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu alipotaja ulevi na kamari hakukanusha kwamba mna manufaa kwa watu. Aliyataja, kisha akabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Sisemi kwamba chombo hiki ni mfano wa ulevi, hasha. Nasema, ikiwa hata ulevi ulitajiwa manufaa yake, basi si haki kukihukumu chombo hiki kabla ya kukitia mizanini pande zote mbili.

Kubeba sauti si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay akaimba katika santuri, na wazee wetu wakaisikia sauti yake majumbani. Baada ya santuri zikaja kanda. Vyombo hivi vya mfukoni vilianza kuuzwa mwaka 1998. Lakini kilichovuma zaidi ni iPod ya kampuni ya Apple ya Marekani, iliyotangazwa tarehe 23 Oktoba 2001. Uzito wake ulikuwa gramu 184, bei yake dola 399, nayo ilibeba nyimbo 1,000, na betri yake ikidumu kiasi cha saa 10. Haitengenezwi tena tangu mwaka 2022, ila kazi yake imehamia katika simu, kwa hiyo swali la kijana wetu lingali hai. La kustaajabisha ni kwamba wataalamu waliobuni njia ya kuipunguza sauti hata ikaenea mahali padogo walichunguza kwanza udhaifu wa sikio la binadamu, wakayaondoa yale ambayo sikio haliwezi kuyatambua. Laiti nasi tungelijua sikio letu kama wao walivyolijua!

Ama manufaa yake ni mengi, wala hayakanushiki. Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri alirikodi Kurani nzima kwa kisomo cha tartili mwaka 1961. Zamani kisomo kama hicho kilitaka kanda za kujaza mkoba. Chombo kile cha kwanza kingeweza kukibeba chote na nafasi ikabaki. Anayehifadhi huirudia aya moja mara arubaini, na chombo hakichoki wala hakimkemei, ilhali mwalimu ni mtu, hushikwa na usingizi na njaa. Kipofu amepata msahafu wa masikio. Mama anayepika na mtoto mgongoni husikiliza darasa. Tena liko jambo ambalo watu hawalitaji: chombo hiki hakimwamshi jirani. Wangapi tumekaa mtaa mmoja na mwenye redio, tukakosa usingizi mpaka alfajiri?

Ama khitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki, sitaiingia hapa. Wengi katika madhehebu manne wamezikataza, na Ibn Hazm wa Andalusi akazihalalisha, na vitabu vipo. Jawabu langu fupi lilikuwa hili: chombo hakina hukumu yake peke yake, hukumu ni ya kile kinachosikilizwa, akisikiliza jema ni jema, akisikiliza baya ni baya. Nikadhani nimemaliza.

Haukupita mwezi yakanifika. Nalikuwa barazani baada ya alasiri, nadurusu Sura ya Maryam kwa kisomo cha Sheikh al-Husary, hedifoni masikioni, macho nimeyafumba. Mama yangu, naye ni mtu mzima sana, aliteleza uani karibu na pipa la maji. Aliita. Akaita tena. Jirani wa nyumba ya tatu alimsikia, akaja mbio, akanipita pale pale barazani akaingia ndani. Nami nikadhani amekuja kuazima kitu. Nilipoingia nilimkuta mama ameketi chini, mkono umemvimba. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wasikiliza nini, mwanangu?" Nikashindwa kumjibu, kwani nilikuwa nimefika katika aya ambayo Nabii Isa anataja wema wake kwa mama yake.

Katika Bukhari na Muslim mna kisa cha Juraij, mcha Mungu wa Bani Israili. Mama yake alimwita naye yumo katika sala. Akasitasita baina ya mama na sala, akachagua sala, na dua ya mama ikampata. Juraij alisikia, kisha akachagua. Mimi hata kuchagua sikuchagua.

Basi ikanidhihirikia kwamba jawabu langu lilikuwa nusu. Nilitazama linaloingia masikioni, nikasahau linalofungiwa nje. Kuitikia salamu ni wajibu, na leo twampita mtu njiani tukamsalimu asijibu, si kwa kiburi, illa hasikii. Sasa tumeanza kuacha kuwasalimu walio kama yeye. Adhana humpita. Honi ya gari humpita. Na katika Sura ya Bani Israili, aya ya 36, tumepewa khabari kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Na mwili wa sikio wenyewe una haki yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi: sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na kila zikizidi desibeli 3 muda hupungua nusu. Chembe za ndani ya sikio zipokeazo sauti zikifa hazioti tena. Mwenye kupandisha sauti ili ashinde makelele ya barabarani huwa anaiuza amana asiyoweza kuinunua tena.

Chombo changu ninacho bado. Betri yake imezeeka, wala haifunguki kwa mkono, na siku hizi haimalizi juzuu moja. Huivaa hedifoni ya sikio la kushoto tu, kwa sauti ndogo. La kulia liko wazi, na kiti changu nimekigeuza upande wa mlango wa mama.